Klabu ya GAA inajengwa na nani? Jibu langu kwa dada aliyehamia Ayalandi

Wakuu, salaam.

Dada aliyeleta mada ameuliza mambo manne kwa mkupuo. Mwanawe wa miaka saba, huko Ayalandi walikohamia, amerudi kutoka shule na karatasi ya kumwandikisha kwenye klabu ya GAA, chama cha michezo ya asili ya Kiairishi: halingi, yaani ule wa fimbo, na mpira wa Kigaeli, unaochezwa kwa mikono na miguu. Anataka kujua huo mchezo wa fimbo una hatari gani, gharama zikoje, watoto wetu weusi wanapokelewaje, na inakuwaje kijiji kisicho hata na benki kina viwanja viwili vyenye taa na jengo lake, ilhali hakuna mtu anayelipwa. Waliotangulia wamegusia hatari na gharama. Mimi naanzia mkiani, kwenye viwanja na jengo, kwa sababu ukishaelewa hapo mengine hayasumbui.

Ni mwanachama wa klabu moja ya kijijini katika kaunti ya Meath, jirani na Dublin, tangu nilipofika mwaka 1999. Kwetu Singida. Nilizaliwa Makiungu, hospitali iliyoanzishwa na masista wa Kiairishi wa Medical Missionaries of Mary, wenye makao yao Drogheda, na kazi ya uuguzi ndiyo iliyonileta upande huu. Kwa hiyo Waairishi nilikuwa nawajua tangu utotoni, ila kwa sindano na rozari. Hakuna sista aliyewahi kutuambia kwamba kwao watu wanafukuzana na fimbo kila Jumapili na kuita mchezo.

Nilifika wakati mzuri. Septemba ya mwaka huo Meath ilicheza fainali ya Ayalandi nzima ya mpira wa Kigaeli dhidi ya Cork, na kila geti, kila nguzo ya umeme, kila trekta ilikuwa na bendera ya kijani na njano. Mimi Yanga wa kuzaliwa, nikaona hapa sijapotea. Mechi ikaisha, matokeo yakatangazwa: 1-11 kwa 1-8. Nikabaki nakodoa macho. Kumbe nguzo za goli zina umbo la H. Mpira ukiingia wavuni chini ya mwamba ni goli, sawa na pointi tatu, na ukipita juu ya mwamba ni pointi moja. Meath 14, Cork 11. (Tangu 2025, kwenye mpira wa Kigaeli, anayeupitisha juu ya mwamba kutoka nje ya tao la mita 40 anapewa mbili. Wazee bado wananung'unika.)

Kilichonivunja mbavu ni kocha. Seán Boylan, aliyeipa Meath ubingwa 1987, 1988, 1996 na huo wa 1999, kazi yake ya kila siku ilikuwa tiba ya mitishamba pale Dunboyne. Nilipowasimulia wa nyumbani kwa simu, wakasema kumbe na wao wanajua siri ya ushindi. Na wachezaji wake, baada ya sherehe, walirudi makazini: walimu, wakulima, mafundi. Hakuna aliyekuwa na mshahara wa mpira.

Hapo ndipo pa kushika. Mchezaji wa GAA halipwi, hata yule anayecheza fainali Croke Park, uwanja mkuu wa chama ulioko Dublin, mbele ya watu 82,000. Wala hakuna soko la kuuziana wachezaji. Unachezea klabu ya unakoishi, ambayo kwa kawaida ni parokia yako, na ukiwa mzuri unaitwa timu ya kaunti yako. Kuhama klabu kunataka barua, sababu na kikao, na jirani zako hawatakuangalia vizuri. Maana yake ni kwamba klabu haiwezi kununua mshambuliaji. Ikitaka mshambuliaji baada ya miaka kumi na tano, sharti imlee huyo mtoto wa miaka saba anayeburuta fimbo leo. Ndiyo maana shule imekuletea karatasi, dada. Si hisani kwako. Wanamhitaji.

Sasa viwanja. Nilipojiunga tulikuwa na kiwanja kimoja kilichogeuka jaruba la mpunga kuanzia Novemba, na kontena la chuma tulilobadilishia nguo. Kisha zikaja nyumba. Dublin ilikuwa imefurika, watu wakawa wanajenga Meath na kwenda kazini mjini, na katika miaka michache watoto wakawa wengi kuliko nafasi. Wazee wa klabu wakaona jambo ambalo sisi vijana hatukuliona: shamba la jirani likichukuliwa na wajenzi, klabu imekwisha, haitapanuka tena. Ukaitishwa mkutano kwenye ukumbi wa shule. Upande mmoja ukasema deni litatuua. Upande wa pili ukasema bila ardhi tumeshakufa. Zikapigwa kura, upande wa ardhi ukashinda, na shamba likanunuliwa kwa mkopo wa benki. Hati haikuandikwa jina la mwenyekiti wala la tajiri yeyote. Mali ya klabu hushikwa na wadhamini kwa niaba ya chama, na hakuna mtu anayeweza kuamka asubuhi akaiuza. Hilo tu, kama vilabu vyetu vya nyumbani vingelishika mapema, tusingekuwa na kesi za wanachama na wawekezaji kila mwaka. Lakini tuyaache hayo, uzi utageuka.

Baada ya 2008 uchumi ukaanguka. Vijana wa miaka ishirini na kitu wakapanda ndege kwenda Australia na Kanada, na timu ya wakubwa ikawa inahangaika kupata kumi na watano wa kuingia uwanjani. Timu za watoto tukaziunganisha na za klabu jirani, watu tuliokuwa hatusalimiani nao siku ya mechi. Deni lenyewe halikupanda ndege.

Lililotuokoa ni bahati nasibu. Karibu kila klabu ina yake. Unachagua namba nne, unalipa euro mbili tatu, droo inafanyika hadharani kila wiki, na zawadi kuu isipotoka inavimba hadi wiki ijayo. Ukiitazama ni kamari ndogo. Ukikaa nayo unagundua ni mchango wa kijiji wenye mzaha ndani yake, maana wanaonunua wanajua hawatashinda, na mshindi asiporudisha chochote atasemwa hadi Pasaka. Mimi nilipewa barabara moja ya kuuzia bahasha. Mhazini aliniambia waziwazi kwamba ameniteua kwa sababu nafanya zamu za usiku, hivyo jioni kabla ya kazi niko macho.

Hiyo barabara ndiyo iliyonifanya mtu wa kijiji hiki, kuliko pasipoti. Mgeni mweusi anayegonga mlango saa kumi na mbili jioni wakati wa baridi anahitaji sababu, na bahasha ya klabu ni sababu tosha. Unaulizwa timu ya watoto imefanyaje Jumamosi, unaulizwa kwenu kuna baridi, unapewa chai. Kulikuwa na bibi mmoja asiyekanyaga uwanjani kabisa, lakini alinunua kila wiki kwa sababu marehemu mumewe ndiye aliyekuwa akipaka mistari ya uwanja. Yeye ndiye aliyenieleza ukoo gani hauongei na ukoo gani na tangu mechi ipi.

Pesa nyingine zilitoka kila mahali. Bucha aliweka jina lake kwenye jezi. Tulisimama na ndoo getini mwa kanisa, tuliwafungia wateja mifuko supamaketi, tuliandaa usiku wa dansi ambao mimi nilishiriki na sitaki kuueleza. Serikali nayo ina mfuko wa ruzuku za ujenzi wa michezo, lakini inataka hati safi ya ardhi, makadirio, na uonyeshe sehemu yako mwenyewe ya fedha. Hapo nikajifunza kuwa katibu anayejua kujaza fomu ana thamani kuliko mfungaji bora. Mfungaji anakupa kombe la wilaya mara moja. Katibu wetu, mwalimu mstaafu, ametupa taa, uzio na choo cha walemavu.

Kama kuna mdau humu anajenga uwanja wa jamii, popote pale, nampa mpangilio ninaoutetea kwa nguvu: kwanza kutoa maji uwanjani, pili ukuta, mwisho jengo. Klabu nyingi huanza na jengo kwa sababu jengo linapigwa picha na mbunge anakata utepe. Halafu kiwanja kinafungwa miezi mitatu kwa matope na jengo linakaa tupu. Sisi tulichimbia mfumo wa kutoa maji chini ya nyasi kabla ya kununua hata mlango, na watu walilalamika pesa yao imezikwa ardhini. Kweli ilizikwa, na tunacheza Januari. Ukuta nao ni ukuta tu wa zege wa kupigia mpira, mtoto anapiga, unarudi, anapiga tena. Hauhitaji kocha, mwenzako wala ratiba. Ukipita hapo saa mbili usiku kiangazi, jua bado lipo, utakuta watoto wa nyumba zote na lugha zote. Kwa senti iliyotumika, hakuna kitu tulichojenga kinachotumika zaidi ya huo.

Kazi zinazoshikilia klabu hazionekani, na nyingi zinachosha. Kuna anayefua jezi, anayefungua geti, anayewapigia marefa, anayeandikisha wanachama, anayeendesha basi dogo. Mimi baada ya bahasha nilirithi mashine ya kupaka mistari, kisha nikawa ofisa wa ulinzi wa watoto. Dada, hapa nisikilize kama mzazi: kila mtu mzima anayekaa na watoto anahakikiwa na polisi, yaani Garda, na anapitia mafunzo ya ulinzi wa mtoto. Ana haki ya kuchukia karatasi hizo lakini hana haki ya kuzikwepa. Nimewahi kumrudisha nyumbani mtu maarufu sana kijijini kwa sababu karatasi zake hazijatimia. Alininunia msimu mzima.

Mkuu mmoja hapo juu ameandika kwamba GAA ni chama cha Wakatoliki na siasa, Mwislamu au mgeni asipoteze muda. Nusu yake ina asili. Chama kilianzishwa tarehe 1 Novemba 1884 katika hoteli ya Hayes mjini Thurles, na Michael Cusack na wenzake, nchi ikiwa chini ya Uingereza, ili michezo ya wenyeji isimezwe. Tarehe 21 Novemba 1920 majeshi ya Uingereza yalifyatua risasi ndani ya Croke Park na watu 14 wakapoteza maisha, akiwemo mchezaji wa Tipperary, Michael Hogan, ambaye jukwaa kubwa la uwanja lina jina lake. Baada ya hapo usishangae kwamba hadi 1971 mwanachama alikatazwa kucheza soka au raga, na hadi 2001 polisi wa Ayalandi ya Kaskazini na wanajeshi wa Uingereza hawakuruhusiwa kujiunga. Lakini 2007 raga ya Ayalandi na Uingereza ilichezwa palepale Croke Park, wimbo wa Waingereza ukapigwa, na watu wakasimama kwa heshima. Sam Maguire, ambaye kombe kuu la mpira wa Kigaeli lina jina lake, alikuwa Mprotestanti wa Dunmanway. Na Julai 2020, misikiti ikiwa imebanwa na masharti ya korona, sala ya Idi ya kuchinja iliswaliwa kwenye nyasi za Croke Park. Mtu wa kwangu wa Kondoa aliyekuwepo aliniambia alijisikia ajabu kusujudu mahali anapoangalia kwenye televisheni. Chama hicho cha mwaka 1884 si hicho cha leo, ingawa wazee wake wengine ni walewale.

Kuhusu rangi nitasema ukweli ulivyo, kwa kuwa dada anastahili. Mwanangu aliwahi kuitwa neno baya uwanjani na mtoto wa timu nyingine. Kocha wetu alisimamisha mchezo kabla mimi sijafika mstarini, akamwita mwamuzi, na ripoti ikaandikwa. Adhabu ilitoka, ndogo kuliko nilivyotaka. Mwanangu na yule mtoto baadaye walicheza pamoja timu ya mchanganyiko, na sijui walizungumza nini, wao hawakuniambia nami sikuuliza. Sheria za chama zinakataza ubaguzi, ila sheria haisikii kila kitu kinachosemwa karibu na nguzo. Usinyamaze, andika, mpe katibu siku hiyohiyo.

Mbali na hapo, mifano ya wageni waliofika juu ipo. Seán Óg Ó hAilpín, mama yake ni wa Fiji, alikuwa nahodha wa Cork ilipotwaa ubingwa wa halingi 2005, na hotuba yake yote aliitoa kwa Kiairishi, lugha ambayo Waairishi wengi wenyewe wanaigugumia. Lee Chin wa Wexford, baba yake anatoka Malaysia. Anayenigusa mimi zaidi ni Zak Moradi, Mkurdi aliyezaliwa Iraq, akaletwa mkimbizi Carrick-on-Shannon akiwa mtoto mwaka 2002. Mwaka 2019 akiwa na timu ya Leitrim alishinda Kombe la Lory Meagher Croke Park. Hilo ni kombe la ngazi ya chini kabisa ya halingi ya kaunti, na ndiyo maana nalipenda: hakuhitaji kuwa nyota ili awe mwenyeji.

Una binti pia? Umesema mmoja tu, lakini nakudokeza. Wasichana wanacheza kamogi, ambayo ni halingi yao na ina chama chake tangu 1904, na mpira wa Kigaeli wa wanawake una chama chake tangu 1974. Vyama hivyo viwili na GAA viko njiani kuungana, lengo ni 2027. Kijijini kwetu tulishaungana zamani kwa sababu geti ni moja na mashine ya kukata nyasi ni moja. Wanawake wa Meath walipoifunga Dublin fainali ya 2021, na kurudia ubingwa 2022, wasichana wadogo walikuja kujiandikisha hadi tukakosa jezi. Binti yangu ndiye anayewafundisha sasa. Mimi ananituma koni za mazoezi.

Kitu kimoja sikukitegemea ni misiba. Mwanachama akifa, au mzazi wa mwanachama, klabu inajipanga kabla ya jua kuchomoza: watu wa kuongoza magari, uwanja unafunguliwa kuwa maegesho, chai inapikwa jengoni, na vijana wanasimama mistari miwili wakiwa na jezi jeneza likipita. Mama yangu alipofariki Singida, sikuwa na jeneza hapa. Walikuja wote hata hivyo, nyumbani kwangu, na sahani zimefunikwa, wakakaa. Mtanzania gani anaweza kuwaita hao wageni? Wakati wa korona ni hao hao waliobeba dawa na vyakula kwa wazee waliofungiwa ndani, kwa orodha iliyotokana na njia za bahasha za bahati nasibu. Hakuna ofisi ya serikali iliyokuwa na orodha nzuri kama ile.

Sasa hayo mawili yaliyobaki, haraka. Hatari: halingi inatisha kwa macho kuliko ilivyo. Helmeti yenye wavu wa uso ni lazima kwa kila mchezaji tangu 2010, na kwenye mpira wa Kigaeli kinga ya meno ni lazima. Vidole huumia mara nyingi. Kwa umri wa mwanao hakuna ubingwa wala jedwali, wanacheza mechi ndogo ambazo kila mtoto anaingia uwanjani, na mpira wao ni mlaini. Gharama: kuna ada ya mwaka, ambayo mara nyingi ina bei ya familia, na ndani yake mna bima. Ukibanwa, mwambie mwandikishaji pembeni. Klabu yenye akili haimrudishi mtoto kwa ada, na yetu haijawahi. Usinunue vifaa vipya kwa kuanzia. Helmeti za kuazima zipo, na kila nyumba yenye kijana ina fimbo iliyomshinda urefu. Camán, yaani hiyo fimbo, hutengenezwa kwa mti uitwao ash kwa Kiingereza, lakini mti huo unashambuliwa na ugonjwa na bei imepanda, kwa hiyo utaona pia za mwanzi, na kwa wadogo za plastiki. Msimamishe mtoto wima, fimbo pembeni yake. Ncha ya juu ifike kwenye kifundo cha mkono. Ikizidi hapo atakuwa anachimba viazi.

Nenda Jumamosi asubuhi, hata kama kunanyesha, hasa kama kunanyesha. Usibaki garini. Shuka ukaulize nani anaondoa koni baada ya mazoezi. Na kama zamu zako za Jumamosi hazikuruhusu, liseme hilo kwenye kundi la WhatsApp la wazazi siku utakapowekwa: wapo watakaompitia mtoto, na wewe utawapokelea wa kwao siku ya katikati ya wiki. Ukishajua uko kaunti gani niandikie kisandukuni, nitakuambia kama ni watu wa fimbo au wa mpira, maana ukienda na jezi isiyo ya hapo utaanza vibaya.